Kadi Yenye Matundu: Uvumbuzi wa Herman Hollerith na Safari Yake hadi Simiyu

Mashine ya kwanza iliyofanikiwa kusoma takwimu kwa umeme ilibuniwa na mhandisi wa Kimarekani, Herman Hollerith, katika miaka ya 1880, na ilibuniwa kwa kazi moja tu: sensa ya watu. Kadi yake yenye matundu ilizaa kampuni ya IBM nchini Marekani na, kwa upande wa Uingereza, ukoo wa kampuni ulioipatia Tanzania kompyuta yake ya kwanza. Makarani wa sensa waliopita vijijini mkoani Simiyu Agosti 2022 hawakubeba kadi bali vishikwambi. Hata hivyo, swali lililomsumbua Hollerith lilikuwa lilelile: jibu la mtu litolewe vipi mlangoni kwake hadi ndani ya mashine bila kupotea wala kupotoshwa njiani? Historia ya kompyuta nchini Tanzania, pamoja na miaka ile ambayo ziliwahi kupigwa marufuku, inaeleweka vizuri zaidi ikisomwa kupitia swali hilo kuliko kupitia kasi ya mashine zenyewe.

Marekani, 1880 hadi 1890: hesabu iliyozidiwa na watu

Hollerith alizaliwa Buffalo, jimbo la New York, tarehe 29 Februari 1860, katika familia ya wahamiaji kutoka Ujerumani. Mwaka 1879, akiwa na umri wa miaka 19, alihitimu uhandisi wa migodi katika Chuo cha Columbia. Mwalimu wake mmoja, William Trowbridge, alikuwa na kazi katika sensa ya 1880, akamchukua kijana huyo kama msaidizi. Ndivyo mhandisi wa migodi alivyojikuta katikati ya marundo ya karatasi za watu milioni 50.

Kazi ya kujumlisha karatasi hizo ilifanywa kwa mkono. Karani alisoma mstari, akachora alama kwenye jedwali, akahamia mstari uliofuata. Swali jipya likizuka, kwa mfano idadi ya wajane waliozaliwa nje ya nchi, karatasi zote zilipaswa kupitiwa upya tangu mwanzo. Sensa ya 1880 ilichukua takribani miaka 8 kukamilika. Katiba ya Marekani iliagiza sensa kila baada ya miaka 10, kwa kuwa viti vya majimbo katika Baraza la Wawakilishi hugawanywa kwa idadi ya watu, na idadi hiyo ilikuwa ikipanda kwa kasi. Ilikuwa wazi kwamba ingefika siku sensa mpya ingeanza kabla ya ile ya nyuma kwisha.

Wazo la kutumia mashine lilitoka kwa John Shaw Billings, daktari wa jeshi aliyesimamia takwimu za vifo, ambaye alimdokezea Hollerith kwamba kazi ya kujumlisha ingefaa kufanywa na mtambo. Hollerith alilitafakari wakati akifundisha uhandisi katika chuo cha MIT mwaka 1882, kisha akafanya kazi kwa muda katika ofisi ya hataza huko Washington. Muundo wake wa kwanza ulikuwa utepe mrefu wa karatasi wenye matundu. Utepe ulikuwa na kasoro kubwa: ili kumfikia mtu mmoja ilibidi kuukunjua wote. Jibu alilipata ndani ya treni. Makondakta wa wakati huo walitoboa tiketi kwa namna iliyoonyesha sura ya abiria, kama vile rangi ya nywele na ya macho, ili tiketi isitumiwe na mtu mwingine. Hollerith alichukua kanuni hiyo na kumpa kila mtu kadi yake.

Uamuzi wa kadi moja kwa mtu mmoja unaonekana mdogo, lakini ndio kiini cha uvumbuzi wote. Kadi zingeweza kuchanganywa, kupangwa upya, kutengwa kwa wilaya au kwa umri, na kurudiwa kwa swali jipya bila mtu yeyote kuandika neno.

Namna mashine ilivyofanya kazi

Karani aliyetayarisha kadi alikaa mbele ya kibao chenye matundu yaliyoandikwa majibu yote yanayowezekana: jinsia, umri, mahali pa kuzaliwa, kazi. Alishika mkono wa chuma, akauingiza kwenye tundu la jibu husika, na upande wa pili wa mkono huo ncha kali ikatoboa kadi mahali panapolingana. Tundu lilimaanisha "ndiyo". Pasipo na tundu palimaanisha "hapana".

Kadi iliyokamilika iliwekwa kwenye bamba lenye vikombe vidogo vilivyotiwa zebaki. Juu yake palikuwa na kishikizo chenye safu za sindano zilizowekwa kwenye springi. Karani alikishusha. Penye karatasi, sindano ilizuiwa na kurudi juu. Penye tundu, ilipita, ikagusa zebaki, mkondo wa umeme ukakamilika, na mshale wa saa ya kuhesabia ukasogea hatua moja. Kengele ililia kuthibitisha kwamba kadi imesomwa. Wakati huohuo kifuniko cha kichumba kimoja katika sanduku la kando kilifunguka, karani akaidondosha kadi humo na kukifunga. Inasimuliwa kwamba makarani waliochoka walikuwa wakiondoa zebaki kwenye vikombe vichache ili mashine igome na wao wapate kupumzika hadi fundi afike.

Hollerith aliongeza swichi za sumaku zilizowezesha matundu mawili au matatu kuhesabiwa kwa pamoja. Kwa njia hiyo mashine haikuhesabu tu wanaume na wakulima. Ilihesabu wanaume waliokuwa wakulima. Hapo ndipo ilipoacha kuwa kihesabio na kuwa chombo cha kuchambua takwimu.

Hataza zake zilitolewa tarehe 8 Januari 1889. Kabla ya sensa ya 1890, mbinu tatu zilishindanishwa kwa kutumia karatasi za sensa iliyopita. Kuhamisha majibu kwenye kadi kulimchukua Hollerith saa 72 na nusu; wapinzani wake walihitaji zaidi ya saa 100. Katika kujumlisha tofauti ilikuwa kubwa zaidi: saa 5 na nusu dhidi ya saa 44 na nusu na saa 55 na nusu. Takwimu hizo zinaonyesha faida ya mashine, na pia udhaifu wake. Mashine ilisoma kwa saa 5 kile ambacho watu walikitoboa kwa saa 72. Tangu siku ya kwanza mzigo ulikuwa mlangoni mwa mashine, si tumboni mwake, na ulibaki hapo kwa zaidi ya karne moja.

Jumla ya watu wa Marekani katika sensa ya 1890, zaidi ya milioni 62, ilipatikana ndani ya wiki chache. Baadhi ya magazeti yalilalamika kwamba idadi ni ndogo mno, na lawama zikaangukia mashine.

Kutoka Washington hadi Letchworth, 1896 hadi 1968

Hollerith alianzisha kampuni yake mwaka 1896. Hakuuza mashine, alizikodisha, akauza kadi. Mpango huo ulimtajirisha na kumgombanisha na mteja wake mkuu. Mwanzoni mwa karne ya 20 idara ya sensa ilichoshwa na bei, ikaajiri mafundi wake, na mmoja wao, James Powers, akabuni mashine shindani kwa ajili ya sensa ya 1910. Mwaka 1911 kampuni ya Hollerith iliunganishwa na nyingine, na mwaka 1924 muungano huo ukaitwa IBM. Hollerith alifariki Washington tarehe 17 Novemba 1929, akiwa ameshastaafu.

Kwa Afrika Mashariki, tawi muhimu ni lile la Uingereza. Robert Porter, Mwingereza wa kuzaliwa aliyesimamia sensa ya Marekani ya 1890, aliipeleka teknolojia hiyo kwao, na mwaka 1907 ikaundwa British Tabulating Machine Company, ambayo baadaye ilikuwa na kiwanda Letchworth. Mashine za Powers nazo zikapata kampuni yao huko. Koo hizo mbili zilishindania ofisi, reli na makoloni hadi mwaka 1959, zilipoungana na kuwa International Computers and Tabulators, maarufu kama ICT. Mwaka 1968 ICT iliingia katika muungano mkubwa zaidi ulioitwa ICL. Kadi ya kutobolewa ilivuka yote hayo, maana kompyuta za mwanzo zilirithi mlango uleule wa kuingizia taarifa.

Usukumani: kuhesabiwa kabla ya mashine

Sehemu ya Usukuma ambayo leo ni Mkoa wa Simiyu, ikiwemo Bariadi ya Wanyantuzu, Maswa, Meatu na Itilima, ilihesabiwa na wakoloni kwa sababu ambazo wenyeji walizijua vyema. Hesabu ya wanaume ilikuwa hesabu ya kodi. Sensa ya 1948, iliyoendeshwa na idara ya takwimu ya Afrika Mashariki yenye makao Nairobi, iliipa Tanganyika watu wapatao milioni 7.4. Ile ya 1957 ilitoa milioni 8.7 hivi.

Ng'ombe nao walihesabiwa. Mpango wa maendeleo ya Usukuma, uliotekelezwa kuanzia 1947 hadi katikati ya miaka ya 1950, uliwalazimisha wafugaji kupunguza mifugo kwa hoja kwamba ardhi imezidiwa. Mfugaji aliyeona hesabu ya zizi lake ikigeuka amri ya kuuza alikuwa na haki ya kuificha. Woga wa kuhesabiwa mifugo katika kanda hii mara nyingi huitwa ushirikina. Haki ni kuuita kumbukumbu.

Upande wa pamba, ugomvi ulikuwa juu ya mizani. Mkulima alibeba mzigo hadi kituo cha mfanyabiashara, mfanyabiashara akasoma uzito, akaandika, akalipa. Mkulima hakuwa na namna ya kuhakiki kilichosomwa wala kilichoandikwa. Malalamiko ya kupunjwa ndiyo yaliyowaunganisha wakulima wa Kanda ya Ziwa, na kutokana nayo, chini ya uongozi wa Paul Bomani, vikazaliwa vyama vya msingi na hatimaye, mwaka 1955, Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, ambalo lilikua na kuwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika barani Afrika. Ukitoa siasa, madai ya msingi yalikuwa haya: anayesoma namba asiwe yuleyule anayefaidika kuikosea.

Dar es Salaam, 1965 hadi 1974: kompyuta ya Hazina

Kompyuta ya kwanza Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Ilikuwa aina ya ICT 1500. Ingawa ilibeba jina la kampuni ya Kiingereza, ubunifu wake ulikuwa wa Wamarekani wa RCA, ambao mashine yao ya RCA 301 iliuzwa na ICT kwa jina jipya. Bomani, aliyejipatia jina katika vita vya mizani, alikuwa Waziri wa Fedha tangu 1962 hadi mwaka huohuo wa 1965.

Matumaini yalikuwa makubwa. Serikali changa ilikuwa na mishahara ya kulipa, vifungu vya bajeti vya kufuatilia na wahasibu wachache. Katika miaka iliyofuata taasisi chache za umma nazo zilipata kompyuta, ingawa hadi mwaka 1974 idadi ya mashine zote nchini haikufika kumi.

Kilichoharibika hakikuwa umeme wala chuma. Hesabu za serikali zilihamishiwa kwenye kompyuta kabla ya watu wa kuzihudumia kuandaliwa. Wataalamu wa kuandika programu walikuwa wageni, na waliondoka na maarifa yao. Kwa utaratibu wa kompyuta za kadi, hati ya malipo kutoka wilayani hujazwa kwa mkono, husafirishwa, hupokelewa na mtobozaji ambaye hajawahi kuiona wilaya hiyo, hugeuzwa matundu, kisha husomwa. Kosa la tarakimu moja katika namba ya kifungu hupeleka fedha kwenye hesabu isiyohusika, na kwa kuwa matokeo hutoka yamechapwa vizuri kwa mashine, huaminika kuliko daftari. Hazina ilijikuta na hesabu zilizovurugika, fedha zikapotea, na ikabidi kurudi kwenye utaratibu wa zamani.

Mwaka 1974 serikali ilitoa amri ya kuzuia uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake nchini. Runinga nazo zilizuiwa, na Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994, ilhali Zanzibar ilikuwa na matangazo ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Amri hiyo imekuwa ikitajwa kama mfano wa serikali kuogopa teknolojia. Hukumu hiyo ni nyepesi. Nchi maskini ilikuwa imelipa fedha za kigeni kununua mashine, ikalipa tena kuwaajiri wageni, na ikapata vitabu vya hesabu visivyofungika. Kosa la amri lilikuwa kwingine: iliifungia nje mashine badala ya kufundisha watu, na kwa hiyo vijana wengi wa kizazi kizima cha wahandisi na wahasibu walimaliza masomo bila kuigusa kompyuta.

Miaka ya kalamu, 1974 hadi 2002

Usukumani, miaka hiyohiyo ilikuwa ya misukosuko mingine. Operesheni Vijiji iliwahamisha watu kutoka makazi yao yaliyotawanyika hadi kwenye vijiji vilivyopangwa. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Mkulima wa Bariadi, wakati huo katika Mkoa wa Shinyanga, alibadilishiwa mnunuzi mara kadhaa, lakini stakabadhi iliendelea kuandikwa kwa kalamu juu ya karatasi ya kaboni.

Sensa ziliendelea. Ile ya 1967, ya kwanza baada ya uhuru, ilikuwa imetoa watu milioni 12.3, na vitabu vyake vya uchambuzi viliendelea kuchapishwa hadi miaka ya 1970. Ya 1978 ilitoa milioni 17.5, na ya 1988 milioni 23. Zote zilifanyika Agosti, na sababu yake inaeleweka na yeyote aliyewahi kukwama kwenye udongo mweusi wa mbuga za Meatu wakati wa masika. Vizuizi vya kompyuta vililegezwa hatua kwa hatua katika miaka ya 1980. Kompyuta ndogo za mezani zikaingia maofisini, na kadi ya Hollerith ikatoweka duniani kote bila kishindo. Waliokuwa wakitoboa sasa waligonga kibodi. Kazi yenyewe, ya kusoma karatasi ya mtu mwingine na kuigeuza namba, haikubadilika.

Skana na mkoa mpya, 2002 hadi 2012

Mabadiliko ya kweli yalikuja na sensa ya Agosti 2002, ya kwanza Tanzania kutumia skana kusoma madodoso. Karatasi ilijazwa kijijini kama zamani, lakini ilipofika makao makuu ilipitishwa kwenye mashine iliyopiga picha na kutambua alama na tarakimu zilizoandikwa na karani. Kikwazo cha saa 72 za kutoboa kilikuwa kimepungua, ingawa karatasi bado ilipaswa kusafirishwa kwa maboksi. Matokeo yalikuwa watu milioni 34.4.

Mwaka 2009 mkongo wa chini ya bahari wa SEACOM ulifika Dar es Salaam, na ujenzi wa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ukaanza kuelekea mikoani. Mwaka 2015 wapiga kura walisajiliwa kwa mashine za alama za vidole na picha, maarufu kwa kifupi cha BVR, na kwa wakazi wengi wa vijijini hiyo ilikuwa mara ya kwanza mwili wao kugeuzwa kuwa taarifa za kidijitali.

Katikati ya hayo, Machi 2012, Mkoa wa Simiyu ulitangazwa rasmi, makao makuu yakiwa Bariadi. Wilaya za Bariadi, Maswa na Meatu zilitoka Shinyanga. Itilima ilimegwa kutoka Bariadi. Busega ilitoka Magu, mkoani Mwanza. Miezi mitano baadaye, tarehe 26 Agosti, sensa ikafanyika. Mkoa huo mchanga ulipata idadi yake ya kwanza: watu 1,584,157.

Je, ulikuwa na wangapi mwaka 2002, wakati haukuwepo? Kwa majedwali yaliyochapishwa peke yake, jibu lingehitaji makadirio, hasa kwa Busega iliyokuwa ndani ya hesabu ya Magu. Kwa taarifa zilizohifadhiwa kwa kata na kwa maeneo madogo ya kuhesabia, ni suala la kuzipanga upya chini ya mipaka mipya. Huko ni kutumia kanuni ya Hollerith bila mabadiliko: ukimtunza kila mtu katika kadi yake, mkoa unaweza kuchorwa upya bila kumsumbua yeyote mlangoni. Sensa hiyo ilionyesha pia kwamba kaya za Simiyu zilikuwa kubwa kuliko za mikoa mingine, kwa wastani wa watu 6.9.

Agosti 2022: kishikwambi

Kenya ilitangulia mwaka 2019, ikitumia vishikwambi ambavyo ugavi wake ulivihusisha vyuo vikuu vya Moi na Jomo Kenyatta. Tanzania ilifuata kwa sensa ya tarehe 23 Agosti 2022, iliyofanyika kidijitali kwa vishikwambi zaidi ya 200,000. Maandalizi yalitanguliwa na kutenga maeneo ya kuhesabia watu kwenye ramani na operesheni ya anwani za makazi, iliyozipa nyumba namba na barabara majina. Kamisaa wa sensa kwa Tanzania Bara alikuwa Anne Makinda, Spika mstaafu. Mtakwimu Mkuu wa Serikali alikuwa Dkt. Albina Chuwa.

Karani aliingia kwenye kaya akiongozana na kiongozi wa kitongoji. Alimwomba mkuu wa kaya ataje kila aliyelala pale usiku wa kuamkia Jumanne ya sensa, akianza na yeye mwenyewe. Katika mji wa Kisukuma wenye nyumba kadhaa ndani ya uzio mmoja, swali hilo peke yake huchukua muda: kuna mke mkubwa na nyumba yake, mjukuu aliyeletwa kusoma, kijana wa kuchunga ambaye usiku ule alilala kwa shangazi. Majina yakishaorodheshwa, programu humpitisha karani kwa mtu mmoja baada ya mwingine, ikiruka maswali yasiyomhusu. Mtoto wa miaka minne haulizwi ndoa. Mama wa miaka 20 akiandikiwa mtoto wa miaka 12, kishikwambi humwonya karani angali ameketi mbele ya mama huyo, ambaye anaweza kusahihisha. Zamani kosa kama hilo lingegunduliwa miezi kadhaa baadaye, mamia ya kilomita mbali, na mtu asiyekuwa na wa kumuuliza.

Hapo ndipo mzigo wa mwaka 1890 ulipotua. Kutoboa, kuandika na kuingiza vilikuwa tendo moja, na lilifanyika mbele ya mwenye taarifa. Utaratibu huo mpya ulidai watu wa aina mpya: pamoja na makarani na wasimamizi wa maudhui, waliajiriwa wasimamizi wa TEHAMA, kazi yao ikiwa kuhakikisha vifaa vina chaji, programu inafunguka na taarifa zinatumwa. Vijiji visivyo na umeme vilitegemea betri za akiba. Somo la Hazina la 1974, kwamba mashine bila fundi aliye karibu ni hasara, safari hii lilizingatiwa kabla ya kazi kuanza.

Matokeo ya 2012 yalitangazwa tarehe 31 Desemba, zaidi ya miezi minne baada ya siku ya sensa. Ya 2022 yalitangazwa na Rais Samia Suluhu Hassan jijini Dodoma tarehe 31 Oktoba, baada ya miezi miwili na siku chache: watu 61,741,120. Simiyu ilikuwa na watu 2,140,497, ongezeko la zaidi ya nusu milioni, au asilimia 35, katika miaka 10. Kwa mkoa, namba hiyo inamaanisha madarasa, zahanati na visima. Vishikwambi vyenyewe, baada ya kazi hiyo, viligawiwa kwa walimu.

Mizani na hereni, baada ya 2022

Tangu msimu wa 2022/23, wakulima wanaotaka mbolea ya ruzuku wamekuwa wakisajiliwa kwenye mfumo wa kidijitali. Mizani za kidijitali nazo zimekuwa zikiingizwa katika ununuzi wa pamba kwenye vyama vya msingi vya ushirika, yaani AMCOS. Ndani ya mizani hizo mna uvumbuzi mwingine wa wahandisi: waya mwembamba uliobandikwa kwenye chuma, ambao ukinzani wake wa umeme hubadilika chuma kinapojipinda chini ya uzito. Edward Simmons na Arthur Ruge waliubuni mwaka 1938, kila mmoja kivyake, huko Marekani. Uzito huonekana kwa tarakimu ambazo mkulima na karani wanazisoma pamoja. Mizani kama hiyo inapounganishwa na mfumo wa kumbukumbu, namba inaweza kwenda kwenye stakabadhi bila kupitia mkono wa mtu. Inapobaki peke yake, karani akiendelea kunakili kwenye daftari, ni mizani nzuri zaidi tu. Malalamiko ya miaka ya 1950 bado yana mahali pa kuingilia.

Kwa mifugo, njia imekuwa ngumu zaidi. Hereni ya kielektroniki hubeba chipu ndogo isiyo na betri. Kisomeo kikisogezwa karibu hutoa mawimbi ya redio, chipu hupata nguvu kutoka kwa mawimbi hayo na kujibu kwa namba yake, ili kila ng'ombe awe na kumbukumbu yake, kama Hollerith alivyofanya kwa kila mtu. Mpango wa awali wa hereni hizo, ulioanza mwaka 2021 kwa mfugaji kuchangia gharama, ulipingwa na wafugaji na bungeni, ukasitishwa. Tarehe 16 Juni 2025, katika viwanja vya Nanenane vya Nyakabindi, Bariadi, Rais Samia alizindua kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo, safari hii chanjo ikiwa na ruzuku na hereni zikitolewa bure.